Tarakilishi kuukuu si takataka, zimebeba kumbukumbu zetu

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Usemi huu unatufaa sana sisi tunaoishi katika zama ambapo simu ya mwaka juzi huonewa haya, na tarakilishi ya miaka kumi iliyopita huitwa ya mababu. Afisi inaponunua mitambo mipya, ile ya awali husukumwa ghalani, ikapandwa na vumbi na nyaya zake zikatafunwa na panya, hadi siku mwenye mkokoteni anayenunua vyuma vikuukuu atakapopita na kuibeba kwa bei ya kilo. Hakuna anayeuliza mlikuwa na nini ndani yake.

Hata hivyo, wako watu duniani ambao wakiiona tarakilishi kama hiyo jaani huinama na kuiokota. Huipeleka nyumbani, wakaifungua, wakaisafisha, wakaitafutia vipuri na kuilehemu mpaka iwake tena. Hawalipwi kwa kazi hiyo. Ni uraibu wao, kama vile wengine walivyo na uraibu wa kukusanya stempu, kufuga njiwa au kukarabati magari ya kale. Nchini mwetu mtu wa aina hii huchekwa na majirani, na jamaa zake humlaumu kwa kuijaza nyumba makorokoro. Ninaandika makala haya ili kumtetea. Kazi yake ni huduma kwa taifa, na tusipoanza kumuiga upesi tutapoteza kumbukumbu za kizazi kizima huku tukitazama.

Tuanze na kisa cha Uingereza, ambako uraibu huu umekita mizizi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, mhandisi wa idara ya posta aitwaye Tommy Flowers aliunda mtambo uliopewa jina Colossus. Kuanzia mwaka 1944 mtambo huo ulitumiwa katika makao ya siri ya Bletchley Park kufumbua ujumbe wa mafumbo uliopitishwa baina ya wakuu wa majeshi ya Ujerumani. Ulikuwa na valvu za kioo zipatazo 1,600, na iliyoufuata ilikuwa na nyingi zaidi. Kufikia mwisho wa vita mitambo 10 ya aina hiyo ilikuwa imeundwa. Amani iliporejea, karibu yote ilivunjwavunjwa kwa amri ya serikali, na Flowers mwenyewe akaamrishwa kuichoma michoro yake. Ikawa kwa takriban miaka 30 ulimwengu haukujua kwamba mtambo kama huo uliwahi kuwapo.

Mwaka 1993 mhandisi Tony Sale aliamua kuujenga upya. Alikuwa na nini mkononi? Picha chache zilizopigwa mwaka 1945, na vipande vya michoro ambavyo baadhi ya mafundi walikuwa wamevificha kinyume cha amri. Yeye na wenzake waliojitolea walikusanya vipuri kutoka katika vituo vya simu vilivyokuwa vimestaafishwa, wakawahoji wazee waliokumbuka kazi ile, na kazi yao ikakamilika mwaka 2007. Leo mtambo huo hufanya kazi mbele ya wageni katika makumbusho ya tarakilishi yaliyoko papo hapo Bletchley Park.

Katika makumbusho hayo hayo umo mtambo mwingine, Harwell Dekatron, ambao ulianza kazi mwaka 1951 katika kituo cha utafiti wa nishati ya atomiki na kustaafishwa mwaka 1973. Huu haukuvunjwa. Ulihifadhiwa, ukasahauliwa ghalani kwa miaka mingi, kisha watu waliojitolea wakaanza kuukarabati mwaka 2009. Kufikia Novemba 2012 uliwashwa tena, nao unatambuliwa kuwa tarakilishi kongwe kuliko zote duniani ambayo ingali ikifanya kazi ikiwa na sehemu zake za asili. Ninamwomba msomaji azilinganishe hesabu hizi mbili. Ule uliovunjwa uliwachukua watu miaka 14 kuurudisha, na kilichopatikana ni mfano tu. Ule ulioachwa ghalani ulichukua miaka mitatu, na kilichopatikana ni mtambo wenyewe. Hiyo ndiyo tofauti baina ya kutupa na kuweka.

Yamkini msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya fahari ya Waingereza, nasi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu tarakilishi si chombo kitupu mithili ya jembe au sufuria. Ni chombo cha kuandikia na kusomea, na kilichoandikwa kwacho mara nyingi hakisomeki ila kwacho. Mwaka 1086 ardhi na mali za ufalme wa Uingereza zilihesabiwa na kuandikwa kwa amri ya mfalme William. Kitabu kilichoandikwa wakati huo juu ya ngozi kingali kinasomeka. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900 ya kitabu hicho, shirika la utangazaji la BBC liliandaa sensa nyingine, ambapo wanafunzi na raia wa kawaida walieleza maisha ya vijiji na mitaa yao kwa maandishi na picha. Yote yalitiwa katika sahani kubwa mbili za kusomwa kwa miale ya leza, na sahani hizo zilihitaji aina moja tu ya mashine. Ilipofika mwaka 2002, mashine hizo zilikuwa zimeadimika hata wataalamu wakaanza kuhangaika kuyanusuru yaliyomo. Ngozi ya mnyama ilikuwa imeishi zaidi ya miaka 900. Sahani ya kisasa ilikuwa taabani baada ya miaka 16.

Nako Marekani, kati ya mwaka 1966 na 1967, shirika la NASA lilirusha vyombo vitano kuupiga picha mwezi ili kutafuta mahali pa kutua wanaanga. Picha zilirekodiwa kwenye kanda za sumaku. Kanda zilihifadhiwa, lakini mitambo ya kuzisoma ilipitwa na wakati na kuondolewa. Mwanamke mmoja aliyekuwa mhifadhi wa nyaraka wa shirika hilo, Nancy Evans, alikataa kanda zile zitupwe. Aidha, aliichukua mitambo michache iliyosalia, ambayo kila mmoja ulikuwa mkubwa kama kabati, akaiweka nyumbani kwake kwa miaka mingi. Mwaka 2008 wataalamu waliifufua, wakazisoma kanda, na picha zilizotoka zilikuwa safi kuliko zile zilizoonekana miaka ya sitini. Hazina ya dola kubwa kabisa duniani iliokolewa na mtu mmoja aliyekubali kubanwa nafasi nyumbani mwake.

Sasa turudi kwetu. Mwishoni mwa miaka ya themanini na katika miaka ya tisini, afisi nyingi za humu nchini zilianza kuziacha taipureta na kushika tarakilishi. Vyama vya ushirika viliingiza hesabu za wanachama katika mitambo hiyo. Shule ziliandika mitihani na orodha za wanafunzi. Makanisa na misikiti iliweka kumbukumbu za ndoa na michango. Wachapishaji walipanga kurasa, na waandishi wakatunga miswada kwa programu kama WordStar na WordPerfect ambazo vijana wa leo hawajawahi kuzisikia. Yote hayo yaliwekwa katika disketi, zile pana za inchi tano na robo na baadaye zile ngumu za inchi tatu na nusu, ambazo kila moja ilibeba megabaiti 1.44, kiasi ambacho leo hakitoshi picha moja ya simu.

Disketi hizo ziko wapi? Zimo katika madroo na masanduku ya viatu, na zinakufa. Sumaku iliyobeba maandishi hufifia. Joto na unyevu, hasa katika miji ya pwani, huziotesha ukungu. Hata ile ambayo ingali nzima haina pa kutiwa, kwani tarakilishi zinazouzwa madukani siku hizi hazina mlango wake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tuna madaftari ambayo tumeyafungia ndani na kuutupa ufunguo. Ufunguo huo ni ile mashine kuukuu tunayomuuzia mwenye mkokoteni.

Tuna mfano wa karibu wa jambo hili. Tenzi za kale za Waswahili ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na nyingi zimetufikia kwa kuwa familia za Lamu, Pate na Mombasa zilizitunza, na kwa kuwa walikuwapo watu kama Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, ambao waliweza kuzisoma na kuzinakili. Karatasi bila msomaji zingekuwa chakula cha mchwa. Mtu mmoja mwenye tarakilishi ya zamani inayofanya kazi, awe Nakuru, Kisumu au Machakos, ni msomaji wa aina hiyo kwa maandishi ya zama zetu.

Pili, uraibu huu ni shule. Anayedhani kwamba kuifufua tarakilishi ni kuichomeka ukutani na kubonyeza swichi hajaujua undani wake. Kanuni ya kwanza ni kutoiwasha kabisa. Kapasita zilizolala miaka 30 huenda zimevuja au zimekauka, na zikipata umeme ghafla hupasuka na kufuka moshi. Mashine iliyotengenezewa umeme wa Marekani wa volti 120 itaungua mara moja ikiunganishwa na umeme wetu wa volti 240 bila transfoma. Betri ndogo iliyolehemiwa kwenye saketi huwa imetokwa na majimaji yanayoila shaba, na fundi hulazimika kuyapangusa kwa siki au maji ya ndimu, kisha afuatilie njia moja baada ya nyingine kwa mita yake, akiunganisha palipokatika. Kiwambo cha kioo kinene, kama cha televisheni za zamani, kinaweza kuweka maelfu ya volti hata baada ya kuzimwa, na asiyejua asitie mkono. Mpaka mashine iwake, aliyeishughulikia amejifunza fizikia, kemia na subira.

Hakika hata maadili yamo. Mkarabati mwema huulizana na nafsi yake: nikibadilisha kila kipuri, je, hii ni ile mashine au ni nyingine? Kwa hivyo huandika kila alichobadilisha, na kile cha asili alichokitoa hukitia katika mfuko na kukihifadhi pamoja na mashine. Laiti tungekuwa waangalifu hivyo katika kuyakarabati majengo yetu ya kale.

Tangu mwaka 2016 serikali imekuwa ikisambaza vifaa vya kidijitali katika shule za msingi, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini kifaa cha siku hizi kimezibwa pande zote. Mtoto hukigusa uso tu. Haoni kinavyofikiri, na kikiharibika hana la kufanya ila kungoja kingine. Tarakilishi za nyumbani za mwanzoni mwa miaka ya themanini, kama BBC Micro ya mwaka 1981, au Sinclair ZX Spectrum na Commodore 64 za mwaka 1982, zilikuwa na tabia nyingine. Ukiziwasha, zilikungojea wewe uziamrishe. Kumbukumbu yote ya Commodore 64 ilikuwa kilobaiti 64, na mwanafunzi mwenye bidii aliweza kuielewa mashine nzima, kuanzia nyaya hadi programu. Mwalimu wa sayansi akipata moja tu inayofanya kazi, ataweza kuwaonyesha wanafunzi wake kile ambacho kifaa kilichozibwa hakiwezi kuwaonyesha.

Zipo hoja za wapinzani, na ni haki tuzijibu. Kuna wasemao kwamba nchi yenye njaa na uhaba wa dawa haina haja ya kuchezea vyuma vibovu. Wasemao hivyo wanasahau kwamba maonyesho ya magari na pikipiki za kale, Concours d'Elegance, yalianzishwa Nairobi mwaka 1970, na watu mashuhuri huyahudhuria bila kuitwa wendawazimu. Tuna pia Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, ambako behewa ambalo simba alimnyakua afisa wa polisi Charles Ryall kule Kima mwaka 1900 bado huwavutia wageni. Ikiwa gari na behewa vina heshima yake, tarakilishi imekosa nini? Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na gari.

Wengine huhofia kwamba tutaigeuza nchi kuwa jaa la takataka za mataifa tajiri. Hofu hii ina msingi. Tunajua jinsi mitambo iliyokufa inavyoweza kuletwa Afrika kwa jina la msaada, na jinsi nyaya zinavyochomwa ili kutoa shaba, watoto wakivuta moshi wenye sumu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ilitungwa kwa sababu kama hizo, na ninaiunga mkono. Lakini mkusanyaji ninayemtetea hahitaji kuleta kontena kutoka ng'ambo. Anahitaji zile chache zilizomo humu humu nchini, zilizotumiwa na watu wetu, na zile zisizofufulika anapaswa kuzikabidhi kwa wenye leseni ya kuzitenganisha kwa usalama.

Wapo pia wajuzi wanaodai kwamba mashine halisi haina haja, maadamu siku hizi kuna programu zinazoiga tabia za tarakilishi za kale. Programu hizo ni nzuri, nami sizidharau. Lakini aliyeziandika alihitaji mashine halisi ya kupimia uigaji wake, na hakuna programu iwezayo kuichukua disketi ya mwaka 1991 kutoka mkononi mwako na kuisoma. Mwiga huhitaji wa kumuiga.

Mwisho wako wanaovutwa na fedha. Wamesikia kwamba mwaka 2014 tarakilishi ya Apple-1, ambayo ilipotolewa mwaka 1976 iliuzwa dola 666.66, ilinunuliwa mnadani New York kwa dola 905,000. Hawa nawasihi wasijidanganye. Apple-1 zilitengenezwa takriban 200 tu. Mashine iliyokuwa katika afisi ya kaunti yako haitakutajirisha. Thamani yake ni ya aina nyingine.

Tusisahau kwamba historia ya mitambo hii si ya wageni peke yao. Mwaka 1965 Tanzania iliweka tarakilishi yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha, na mwaka 1974 serikali hiyo hiyo ikapiga marufuku uingizaji wa mitambo hiyo nchini. Hapa kwetu, huduma ya M-Pesa ilianza Machi 2007 kwa simu ndogo za vibonye, na dunia nzima ikaja kujifunza. Haya ni mambo ambayo wajukuu wetu watataka kuyaona kwa macho na kuyagusa kwa mikono. Tutawaonyesha nini?

Ni nani basi aifanye kazi hii? Tusiingoje serikali peke yake, wala tusimtegemee tajiri mmoja. Paul Allen, aliyeanzisha Microsoft pamoja na Bill Gates, alifungua jijini Seattle makumbusho ambapo mgeni aliruhusiwa kuketi na kuzitumia tarakilishi za kale. Alifariki mwaka 2018, makumbusho yakafungwa mwaka 2020, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba hayatafunguliwa tena, na baadhi ya mali yake ikapigwa mnada. Tuulinganishe mwisho huo na kisa cha marehemu Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wetu mwaka 1966. Alikusanya vitabu, stempu na sanaa za Afrika kwa mapenzi yake mwenyewe, lakini sehemu kubwa ya hazina yake ilikabidhiwa umma, na hadi leo raia anaweza kuingia katika jumba la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi akaitazama. Mkusanyaji huanza peke yake, lakini ni lazima ajue mkusanyo wake utaishia wapi.

Ninapendekeza mambo manne. Kwanza, wenye uraibu huu waunde chama. Waingereza waliunda chao mwaka 1989, Tony Sale akiwa miongoni mwa waasisi, na matunda yake tumeyaona. Pili, vyuo vya kiufundi vitenge chumba kimoja kila kimoja, ambamo wanafunzi watakarabati mitambo ya zamani chini ya mafundi wa jua kali wa Luthuli Avenue na kwingineko, ambao mikono yao inajua mengi kuliko vitabu. Ujuzi upo: shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, limekarabati tarakilishi zilizotumika na kuzipeleka shuleni. Tatu, Hifadhi ya Nyaraka na Makumbusho ya Kitaifa zipokee angalau mashine moja ya kila aina iliyotumiwa kwa wingi nchini, pamoja na vitabu vyake vya maelekezo, kwani mashine bila maelekezo ni bubu. Nne, kila mwenye disketi za zamani azitafute leo, aziandike majina, azitoe mahali penye joto, na amtafute mwenye mashine ya kuzisoma kabla hazijanyamaza kabisa.

Nawe mkuu wa shule, katibu wa chama cha ushirika au mwenye afisi, kabla hujampungia mkono mwenye mkokoteni, fungua ghala lako uangalie. Usiiwashe mashine utakayoikuta. Ifute vumbi, ifunike, na uulize ni nani aliyeitumia na aliandika nini. Tarakilishi mpya uliyoinunua juzi nayo itakuwa kuukuu, tena mapema kuliko unavyodhani. Usitupe mbachao kwa msala upitao.